Maboma ya Mtwara: Historia ya Deni na Nyumba katika Pwani ya Ruvuma

Msafiri anayeingia Mtwara kwa barabara ya Lindi hupita kwanza Mikindani. Hapo, mbele ya ghuba tulivu, lipo Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, limekarabatiwa na kupakwa rangi, na wageni hupanda ngazi zake kupiga picha. Akiendelea kilomita kumi hivi kuelekea mjini, msafiri huyo ataona maboma ya aina nyingine: kuta za tofali za saruji zilizofika kwenye lenta na kuishia hapo, zisizo na paa, zisizo na milango, mipapai ikiota mahali palipokusudiwa kuwa sebule. Katika Kiswahili chetu cha siku hizi vitu hivi viwili vina jina moja. Boma la kwanza ni alama ya utawala uliokwisha. Boma la pili ni alama ya nini?

Jibu jepesi ni kwamba ni alama ya umaskini: mtu alianza kujenga, fedha zikamwishia. Jibu hilo si la uongo, ila halitoshi. Nitajaribu kuonyesha katika makala haya kwamba kila kundi la maboma katika pwani hii lina tarehe yake, na kwamba tarehe hizo hufuata historia ndefu ya mikopo na ahadi. Watu wa Mtwara hawakukosa mkopo. Walikopa tangu enzi za majahazi. Walichokosa ni mkopo unaofanana na maisha yao, na mara nyingi walipewa badala yake matumaini ya utajiri wa kesho, wakajenga juu yake.

Rehani na khiyari

Neno "rehani" halikuletwa na benki. Wazee wa pwani walilitumia karne nyingi kabla ya hati za serikali, nao walilichukua katika Kiarabu pamoja na sheria ya Kiislamu ya kuweka mali dhamana. Katika karne ya 19 Mikindani ilikuwa moja ya bandari za himaya ya Zanzibar. Kutoka bara zilifika pembe za ndovu na watumwa, baadaye mpira. Kutoka baharini zilifika nguo, shanga na bunduki. Biashara hiyo yote ilikwenda kwa deni. Forodha ya Zanzibar ilikuwa imekodishwa kwa miongo mingi kwa nyumba ya kibiashara ya Jairam Shivji, mfanyabiashara mwenye asili ya Kutch, na nyumba hiyo ilikuwa pia mkopeshaji mkubwa kuliko wote katika pwani. Mwenye msafara alichukua bidhaa leo na kulipa akirudi, pengine baada ya mwaka mmoja, pengine miwili.

Mkopeshaji alihitaji dhamana, na katika mji wa pwani dhamana iliyoonekana kwa macho ilikuwa shamba na nyumba ya mawe. Lakini sheria ya dini ilikataza riba. Ndipo ukatumika mkataba uliojulikana Oman, Zanzibar na mwambao wote: mauzo ya khiyari. Mwenye nyumba "aliiuza" kwa kiasi cha fedha alichokihitaji, akibaki na khiyari ya kuinunua tena kwa bei ileile kabla ya muda fulani kwisha. Hakuhama. Aliendelea kuishi ndani ya nyumba hiyo kama mpangaji, akimlipa "mnunuzi" kodi. Msomaji atatambua mara moja kwamba kodi hiyo ilifanya kazi ya riba. Muda ukiisha bila fedha kurudishwa, mauzo yalikuwa mauzo ya kweli.

Mkataba huu una mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba wazo la kuishi katika nyumba ambayo mtu hajamaliza kuilipia si geni kwetu, wala halikuletwa na mabenki ya Ulaya. La pili ni chungu zaidi. Aliyeweza kukopa kwa khiyari ni mwenye nyumba ya mawe. Mvuvi wa nyumba ya makuti huko Msimbati, au mkulima wa mtama wa uwanda wa Makonde, hakuwa na kitu cha kuuza kwa khiyari. Kwake yeye rehani ilipomfika katika mwaka wa njaa, iliweza kumfika kwa namna ya kutisha, kwa maana katika eneo hili la Kilwa, Lindi na Mikindani hata binadamu waliwekwa rehani. Mtoto au mpwa alikwenda kukaa kwa mdai, na deni lisipolipwa alipotea. Tunapozungumzia mkopo kana kwamba ni neema tupu, ni vyema kukumbuka kwamba ardhi hii imewahi kuona upande wake wa pili.

Mlango uliofungwa kwa jina la ulinzi

Waingereza walipochukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza walifanya mambo mawili yaliyoamua hatima ya mkopo wa nyumba kwa muda mrefu. Kwanza, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya gavana. Mwafrika mjini alipewa kiwanja kwa kibali cha muda mfupi, ambacho hakuna mkopeshaji mwenye akili timamu angekikubali kuwa dhamana. Pili, katika kipindi cha baina ya vita viwili ziliwekwa sheria zilizozuia mikopo kwa Waafrika: asiyekuwa Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila idhini ya maandishi ya serikali hakuweza kwenda mahakamani kudai deni lake.

Nia iliyotangazwa ilikuwa kumlinda mwananchi asinyonywe na muuza duka. Tusidharau hoja hiyo, kwani unyonyaji ulikuwepo. Ila matokeo yake yalikuwa kwamba deni halikwisha, liliondoka tu kwenye karatasi. Mkulima aliendelea kuchukua nguo na chumvi dukani na kulipa kwa mavuno, kwa masharti ambayo hakuna hakimu aliyeyaona. Yule aliyetaka kukopa ili ajenge nyumba ya vyumba sita, akae katika viwili na kupangisha vinne, hakuwa na pa kwenda. Alijenga kwa akiba yake, chumba baada ya chumba. Desturi ya kujenga taratibu, ambayo wataalamu wa mipango miji huiona leo kama tatizo, ilizaliwa na sheria kabla ya kuzaliwa na umaskini.

Mji ulioahidiwa

Mtwara yenyewe, tofauti na Mikindani, kwa sehemu kubwa ni mtoto wa karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Clement Attlee huko London ilitafuta mafuta ya kula kwa ajili ya Waingereza waliokuwa wakipewa chakula kwa mgao. Ikabuniwa kazi kubwa ya kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya Nachingwea ilihitajika bandari yenye kina kirefu, na Ghuba ya Mtwara ilikuwa nayo. Reli ikaanza kujengwa kutoka baharini hadi Nachingwea, na mji mpya ukachorwa kwenye karatasi: barabara pana, maeneo yaliyotengwa kwa rangi za watu, viwanja vya kutosha mji mkubwa. Mpaka leo mgeni hushangazwa na umbali ulioachwa baina ya Shangani, soko kuu na bandari. Mji ulipimwa kwa mwili ambao haukuja.

Mnamo Januari 1951 mradi wa karanga ulitangazwa kushindwa, na serikali ya Uingereza ikafuta deni la takriban pauni milioni 36. Bandari ilikamilishwa mwaka 1954, wakati sababu ya kujengwa kwake imekwisha kufa. Reli ilisuasua miaka michache, ikafungwa na kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo kuna kata ya mji iitwayo Reli, na hakuna reli.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya historia hulipita haraka. Hasara ya London ilifutwa kwa kura ya bunge. Hasara ya fundi, mpagazi na muuza chai aliyehamia Mtwara, akajenga banda la kupangisha kwa matarajio ya wafanyakazi wa reli na bandari, haikufutwa na mtu. Mkopaji mkubwa alisamehewa, na mjenzi mdogo alibaki na nyumba isiyo na mpangaji. Mfano huu tutaukuta tena.

Mwalimu, msajili na benki

Mwaka 1958 utawala wa kikoloni ulipendekeza umilikaji wa ardhi wa kudumu na binafsi. Julius Nyerere aliupinga katika andiko lake la Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa rahisi na yenye nguvu: ukiifanya ardhi kuwa bidhaa katika nchi ya maskini, wenye fedha wachache wataikusanya, na wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Baada ya uhuru serikali yake iliubadili umilikaji wa kudumu kuwa wa muda, na mwaka 1962 ikaunda Shirika la Nyumba la Taifa.

Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipiga hatua nyingine. Mabenki yalitaifishwa, na kiongozi akakatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwezi Aprili 1971 ikapitishwa sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Katika miji ya kusini, kama ilivyokuwa Dar es Salaam na Tanga, waliopoteza majengo walikuwa hasa wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, na wengi walihama. Waliondoka na mitaji, na waliondoka pia na kitu kisichoandikwa katika daftari la Msajili: mtandao wa mikopo ya duka uliokuwa umeiunganisha Mikindani na vijiji vyake kwa karne nzima.

Badala yake ilikuja Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa mwaka 1972. Ilikusudiwa kumkopesha mfanyakazi mjini na mkulima kijijini, kwa riba nafuu. Ilikuwa fikra nzuri na yenye ukarimu. Lakini riba nafuu katika miaka ya mfumuko wa bei ni zawadi, na zawadi huwafikia kwanza walio karibu na mlango. Marejesho yalilegea, fedha zikapungua thamani, na mwaka 1995 benki hiyo ikafa. Kwa zaidi ya muongo mmoja baada yake, mikopo ya muda mrefu ya nyumba karibu ilitoweka nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza nyumba zake kwa watumishi nchi nzima, na hivyo baadhi ya waliokuwa ndani ya mfumo wakawa wenye nyumba kwa bei ambayo mwananchi wa kawaida hakuwahi kupewa.

Kwa mwanakijiji wa bonde la Ruvuma, hata hivyo, tukio kubwa la miaka hiyo halikuwa benki. Mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kukusanywa katika vijiji vya ujamaa, kwa sababu ya sera na pia kwa sababu ya vita ya ukombozi iliyokuwa ikiendelea ng'ambo ya mto, Msumbiji. Watu waliacha nyumba zao, na waliacha mikorosho yao. Uzalishaji wa korosho nchini, uliofikia takriban tani 145,000 katika msimu wa 1973/74, ulikuwa umeshuka chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo bei ndogo na ugonjwa wa ubwiriunga, lakini umbali baina ya nyumba mpya na shamba la zamani ulikuwa mmoja wao. Nyumba ilihamishwa, na chanzo cha fedha za kuijenga kikabaki porini.

Korosho, bati na kangomba

Tukitaka kuelewa jinsi nyumba zinavyojengwa kusini, tusianzie benki. Tuanzie kwenye mkorosho. Mkulima wa Tandahimba, Newala au Nanyamba hajengi kwa mkopo wa miaka 15. Hujenga kwa misimu. Msimu wa kwanza hufyatua tofali. Wa pili huweka msingi. Wa tatu husimamisha kuta hadi kwenye lenta, na hapo ndipo boma huzaliwa. Bei ikiwa nzuri, msimu wa nne hupaua na kuezeka bati, na siku ya kuezeka ni sherehe, kwani bati ni ushahidi mbele ya kijiji kwamba mavuno hayakupotea. Tofali iliyolala uani ni akiba ambayo mfumuko wa bei hauiozeshi na ndugu mwenye shida hawezi kuiazima. Tunaposema watu hawa "hawaweki akiba", tunasema hivyo kwa sababu tunatazama vitabu vya benki badala ya kutazama nyua zao.

Udhaifu wa utaratibu huu umo katika kalenda. Korosho huuzwa kuanzia Oktoba. Salfa ya kupulizia mikorosho huhitajika katikati ya mwaka. Ada za shule hudaiwa Januari, na njaa hubisha hodi wakati wa masika. Katika miezi hiyo huja kangomba: mfanyabiashara humpa mkulima fedha taslimu leo, naye huahidi korosho za msimu ujao kwa kipimo kisicho rasmi na kwa bei ya chini mno. Hakuna hati, hakuna riba inayotajwa, lakini tofauti baina ya bei ya kangomba na bei ya mnada ni riba ambayo hakuna benki ingethubutu kuibandika ukutani. Muuza duka wa enzi ya Waingereza angeutambua mkataba huu bila kuelezwa.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani Mtwara mwaka 2007, ulikusudiwa kuuvunja utaratibu huo kwa kukusanya korosho katika vyama vya msingi na kuziuza kwa mnada. Ulipandisha bei, na katika msimu wa 2017/18 kilo ilifika karibu shilingi 4,000. Yeyote aliyepita vijijini mwaka huo aliona bati mpya ziking'aa njia nzima. Wengi walianza misingi mipya wakiamini mwaka utakaofuata utakuwa kama huo.

Haukuwa. Mnamo Novemba 2018, baada ya wanunuzi kutoa bei zilizokataliwa na wakulima na serikali, Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuisomba. Bei ilikuwa nzuri. Malipo ndiyo yaliyochelewa, kwa wengine hadi ndani ya mwaka 2019, huku kukiwa na uhakiki wa mashamba wa kuwabaini wafanyabiashara wa kangomba. Sitaki kuirudia hapa siasa ya uamuzi ule. Nataka tu msomaji aifikirie familia yenye boma lililosubiri bati mwezi Desemba, deni la kangomba lililokwisha kuiva, na fedha zisizofika. Deni halikusubiri uhakiki. Lililosubiri ni boma, na kwa baadhi yao linasubiri hadi leo, ingawa bei za minada zilipanda tena katika misimu ya karibuni.

Nyumba za gesi

Gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, ikakaa chini ya ardhi zaidi ya miaka ishirini, hadi ilipoanza kuzalisha umeme wa Mtwara katika muongo wa 2000. Kuanzia mwaka 2010 zikafuata habari za gesi nyingi katika kina kirefu cha bahari. Kampuni za kigeni zikaja, zikahitaji ofisi, vyumba vya kulala na magari. Kiwanda cha saruji cha Dangote kikaanza kujengwa. Shirika la Nyumba likajenga Raha Leo. Kodi za nyumba zilipanda, na viwanja vya Shangani, Chuno na Mikindani vikabadilishana mikono kwa bei ambazo wenyeji hawakuwahi kuzisikia. Wageni kutoka Dar es Salaam walinunua ardhi wasiyokusudia kuilima wala kuijenga. Wenyeji wenye uwezo kidogo walikopa kwa mishahara yao, wakavunja upatu na vikoba vyao, wakajenga nyumba za kulala wageni.

Kisha ikaja habari ya bomba. Mnamo Desemba 2012 maelfu waliandamana kupinga gesi kusafirishwa kwenda Dar es Salaam. Januari 2013 kulitokea ghasia, na Mei 22 mwaka huo, hotuba ya bajeti ya nishati iliposomwa Dodoma, mji uliwaka moto. Watu walipoteza maisha, na nyumba za baadhi ya viongozi zilichomwa. Wengi wakati ule walieleza ghasia hizo kuwa ni ujinga wa watu wasioelewa uchumi wa gesi. Mimi naamini watu wa Mtwara waliuelewa uchumi mmoja vizuri kabisa: walikuwa wamekwisha jenga. Walisikia viwanda vitakuja, wakaweka akiba zao kwenye tofali ili kuwapokea wafanyakazi wa viwanda hivyo. Bomba lilipochorwa kwenda kaskazini, waliona thamani ya tofali zile ikisafiri nalo. Kumbukumbu ya karanga haikuwa mbali. Babu aliyejenga banda la wafanyakazi wa reli alikuwa bado akisimulia.

Bomba lilikamilika mwaka 2015, kwa mkopo kutoka China. Tangu mwaka uliotangulia bei ya mafuta duniani ilikuwa imeporomoka, na kampuni zilipunguza watu. Mradi mkubwa wa kusindika gesi ukapangwa Lindi, na mazungumzo yake yakaendelea mwaka baada ya mwaka. Kiwanda cha Dangote kilifunguliwa Oktoba 2015 na kimetoa ajira, lakini kiwanda kimoja hakijazi mji uliojiandaa kwa kumi. Kodi zilishuka, nyumba za wageni zikabaki na vitanda vitupu, na mabango ya "nyumba inauzwa" yakachakaa yakiwa ukutani. Ng'ambo ya mto, matumaini ya gesi ya Palma yalivunjwa na mashambulizi ya Machi 2021. Kabla ya hapo, Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya upande wetu kilishambuliwa. Ni nani atanunua nyumba ya biashara mpakani wakati mpaka wenyewe una hofu?

Hesabu ya leo

Mwaka 2008, dunia ilipokuwa ikitazama mabenki ya Marekani yakianguka kwa sababu ya mikopo ya nyumba iliyotolewa ovyo, Bunge letu lilipitisha sheria mahsusi ya mikopo ya nyumba. Miaka minne kabla, serikali ilikuwa imeanzisha MKURABITA, kwa ushawishi wa fikra za Hernando de Soto kwamba nyumba ya maskini isiyo na hati ni mtaji mfu unaosubiri kufufuliwa. Mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya kuyapatia mabenki fedha za muda mrefu. Kwa hiyo vyombo vipo. Matokeo ni haya: katika nchi ya watu zaidi ya milioni 60, mikopo yote ya nyumba iliyo hai katika mabenki huhesabiwa kwa maelfu machache, na mingi imo Dar es Salaam.

Tufanye hesabu. Chukua mkopo wa shilingi milioni 50 kwa miaka 15, riba asilimia 17, kiwango cha kawaida nchini katika miaka ya karibuni. Rejesho ni takriban shilingi 770,000 kila mwezi, na mwishoni mkopaji atakuwa amelipa zaidi ya milioni 138. Rejesho hilo linakaribia au kuzidi mshahara mzima wa walimu wengi wa mkoa huu, ilhali kanuni hutaka mfanyakazi abakiwe na theluthi moja ya mshahara wake. Mkulima wa korosho ndiye asiyewezekana kabisa, kwa kuwa mkataba unataka fedha kila mwezi kutoka kwa mtu anayepata fedha mara moja kwa mwaka.

Liko pia suala la jina. Miongoni mwa Wamakonde, Wamakua na Wayao, ukoo umefuatwa kwa upande wa mama, na kwa desturi mume alijenga kwa wakwe. Nyumba nyingi zimesimama juu ya ardhi ya ukoo wa mwanamke. Hati, kwa mazoea, huandikwa jina moja, na mara nyingi ni la mwanamume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na sheria ya ardhi imerudia sharti hilo. Lakini ridhaa ya mke aliyeombwa kutia sahihi jioni, mbele ya mume mwenye shida ya fedha, si ulinzi mkubwa. Na shangazi na wajomba wenye haki katika ardhi ile hawaombwi chochote.

Pengo hili halibaki tupu. Hujazwa na mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita "kausha damu". Benki Kuu imeweka sheria na leseni, na mwaka 2024 ilivitangaza hadharani vikopeshi kadhaa vya simu visivyo na kibali. Hatua hizo ni njema. Lakini atakayedhani kausha damu ni uhalifu wa siku hizi, arudi kwenye kangomba, na nyuma yake kwenye daftari la duka, na nyuma yake kwenye rehani. Ni mkopeshaji yuleyule, anayefika kwa haraka mahali ambapo aliye rasmi hafiki kabisa.

Tufanye nini?

Baina ya Nyerere wa mwaka 1958 na de Soto wa mwaka 2000, tumezoea kudhani lazima tuchague. Mmoja anatwambia rehani itawanyang'anya maskini ardhi. Mwingine anasema bila rehani wataendelea kuwa maskini. Historia ya pwani hii inampa kila mmoja nusu ya haki. Nyumba ya Mtwara kweli ni mtaji, ila si mfu: ni akiba, ni pensheni, ni hifadhi ya mjane. Kuiweka rehani yote kwa ajili ya biashara inayotegemea bei ya korosho au mkataba wa gesi ni kumhatarisha mtu aliyekuwa salama.

Kinachohitajika ni kidogo kuliko hati ya miaka 99 na kikubwa kuliko hotuba. Ni mkopo wa hatua: wa bati, wa sakafu, wa kisima, usiodai ardhi, unaolipwa Novemba na Desemba kupitia chama cha msingi ambako korosho inauzwa. Ni fedha za salfa na ada kupatikana miezi ya ukata kwa riba inayosemwa wazi, ili kangomba ikose mteja. Ni malipo ya mkulima kufika kwa tarehe iliyoahidiwa, kwa maana kuchelewa kwa serikali ni kumkopa mkulima bila riba. Ni hati, pale zinapotolewa, kuandikwa majina ya wote wenye haki. Na ni uaminifu wa viongozi wanapotangaza utajiri ujao. Waziri anaposema jukwaani kwamba Mtwara itakuwa kama Dubai, yuko mtu katika umati anayekwenda kununua saruji jioni ileile.

Boma la Mikindani lilijengwa na watu waliojua kwamba gharama zake zitalipwa na wengine. Maboma ya Chuno na Nanyamba yamejengwa na watu wanaojua kwamba watalipa wenyewe, tofali kwa tofali. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufundishwa nidhamu ya fedha. Wanahitaji mkopeshaji anayejua korosho huvunwa lini.